Matokeo ya zamani ya NECTA na SAT: kipi bado kinafaa ukiomba chuo ughaibuni

Wewe uliyemaliza shule ya Sangu, Loleza au Tosamaganga miaka hiyo, ukaenda Marekani kutafuta maisha na sasa unataka kurudi darasani, ondoa hofu moja: matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) hayana tarehe ya kuisha. Yanayoisha ni ya mitihani ya Kiingereza. TOEFL na IELTS huhesabiwa miaka miwili, basi.

Kazi kubwa ni namna matokeo yetu yanavyosomwa huko. Nyumbani, divisheni ya kwanza ya pointi 7 kidato cha nne inachinjiwa mbuzi. Karani wa udahili aliyezoea kwamba namba kubwa ndiyo nzuri anaweza kuiona hiyo 7 akadhani ulikuwa unasinzia darasani. Kidato cha sita ndiyo usiseme, maana pointi 3 ndizo bora kabisa! Kwa hiyo usijaze pointi peke yake kwenye fomu. Andika gredi ya kila somo, na utaje mwaka. Waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015 walipangiwa gredi kwa mfumo wenye B+, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ambayo kwenye hesabu yake ya pointi namba kubwa ndiyo nzuri, huzihesabu C zao kuwa pointi 2, wakati C ya kuanzia 2016 ni pointi 3. Maelezo hayo yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, tena kwa Kiingereza. Chapisha ukurasa huo uambatishe.

Cheti chenyewe kama kiko Tukuyu kwenye sanduku la mama, kibaki huko huko. Ndugu atoe nakala, aipeleke kwa wakili Mbeya mjini igongwe muhuri, kisha akutumie. Vyuo vingine havitaki nakala, vinataka uthibitisho kutoka NECTA moja kwa moja. Hapo utahitaji namba yako ya mtihani, kituo na mwaka.

Halafu majina. Sisi wa majina ya Mwa- tunajuana: shule iliandika y, pasipoti ina i. Kwako ni jina moja, kwa karani ni watu wawili. Tafuta hati ya kiapo mapema, na kama jina lilibadilika kwa ndoa, weka cheti cha ndoa.

Kwa aliyewahi kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani: alama za zamani hutunzwa na College Board, wenye mtihani huo, na huombwa kwa ada. Ila kati ya 2005 na Januari 2016 mtihani ulikuwa wa alama 2400, sasa ni 1600, na vyuo vingi havipokei alama zilizozidi miaka mitano. Binafsi nisingelipia kuzifukua kabla ya kuuliza chuo. Tangu 2020 vingi viliacha kudai SAT, ingawa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ilirudisha sharti hilo 2022. Vyuo vya jamii (community colleges), ambako watu wazima wengi huanzia, kwa kawaida havikuulizi SAT kabisa.