Kabla hujamtoa wodini aliyeumia ubongo

Mdogo wangu alipata ruhusa siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Habari ilitufurahisha mno hata hatukuuliza swali. Tulikusanya mashuka na chupa ya chai, tukakodi bajaji, tukafika nyumbani na mfuko wa dawa na karatasi moja ya mwandiko wa haraka. Jumamosi asubuhi akamtukana mama tusi ambalo sijawahi kumsikia akilitoa hata kijiweni kwa waendesha bodaboda wenzake. Mama alikaa nje kwenye mkeka mpaka adhuhuri, hakusema kitu. Mshono kichwani ulikuwa umekauka vizuri sana. Tulikuwa tumejiandaa kuuguza kidonda.

Kwa hiyo, kabla hujaita bajaji, kaa na daktari akueleze kilichoumia. Ubongo ni laini, na kichwa kikigonga lami unatikisika ndani ya fuvu hata kama fuvu halikupasuka. Unaweza kuchubuka, unaweza kuvuja damu, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake zinaweza kukatika. Damu huonekana kwenye CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa. Nyuzi zilizokatika mara nyingi hazionekani. Ukiambiwa "picha iko safi", maana yake ni kwamba hakuna cha kupasua, si kwamba hakuna kilichoharibika.

Uliza namba. Tangu 1974 madaktari hupima fahamu kwa kipimo kilichoanzia Glasgow, Uskoti: macho, usemi na mwitikio wa viungo, jumla kuanzia 3 mpaka 15. Kati ya 13 na 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 mpaka 12 la wastani, 8 kushuka chini ni kali. Waulize alikuwa na ngapi alipofika na ana ngapi anapotoka. Uliza pia ni siku ngapi zilipita kabla hajaanza kukumbuka ya jana yake, maana muda huo unaeleza safari iliyo mbele kuliko ukubwa wa bandeji. Halafu uliza ni upande gani. Aliyeumia sehemu ya mbele anaweza kutembea na kuongea kama kawaida, lakini breki za hasira na aibu zimelegea. Kama tungeambiwa hilo siku ile, mama asingelala na lile tusi kifuani.

Karatasi usiziache nyuma: muhtasari wa matibabu, picha za CT au CD yake, orodha ya dawa na, kwa ajali ya barabarani Tanzania, nakala ya PF3, ile fomu ya polisi. Utaihitaji kwenye bima ya chombo kilichomgonga, na siku hiyo hutakuwa na nguvu ya kurudi kituoni kuitafuta.

Kwenye dawa, swali kubwa ni ile ya kuzuia degedege. Wengi hupewa kwa wiki ya kwanza, kwa sababu inapunguza degedege za siku hizo za mwanzo. Haijaonekana kuzuia kifafa kinachokuja miezi baadaye. Kwa hiyo mmoja ataambiwa aache, mwingine aliyeshapata degedege ataambiwa aendelee. Andikiwa tarehe. Usiikatishe mwenyewe kwa kuwa imeisha na duka la dawa liko mbali.

Na kuna dawa utakazouziwa na watu wenye huruma: sindano ya "kuamsha ubongo", vidonge vya "kurudisha kumbukumbu". Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuotesha upya ubongo ulioumia. Hata madaktari walijifunza kwa gharama. Kwa miaka mingi walitoa steroidi kwa majeruhi wa kichwa wakiamini zinapunguza uvimbe, mpaka utafiti mkubwa wa zaidi ya wagonjwa 10,000, uliotolewa 2004, ulipoonyesha kwamba waliopewa walikufa wengi zaidi.

Dalili za kumrudisha hospitali usiku huohuo ziandike kwa kalamu nene, ubandike mlangoni, si kwenye simu yako wewe peke yako: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi asioamshika, mboni moja ya jicho kubwa kuliko mwenzake, mkono au mguu kulegea, homa, maji maangavu yakitoka puani au sikioni. Kulala si dhambi. Ubongo unaopona unataka usingizi. Cha kuogopa ni kumwita asiitike. Kwa wazee kuna jambo la ziada: damu inaweza kukusanyika polepole, na babu aliyejigonga kidogo tu bafuni akaanza kuchanganyikiwa wiki tatu baadaye. Usiseme ni uzee.

Nyumba sasa. Kama bado hamezi vizuri, muombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo kabla hujaondoka: akae wima, kijiko kidogo, asubiri ameze ndipo umpe kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Maji matupu humpalia kirahisi kuliko uji mzito, jambo linaloshangaza wengi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, la sivyo kisigino na makalio vitachubuka, na kidonda cha kulala ni kazi kubwa kukiponya. Choo chetu ni cha shimo, nje, hatua ishirini kutoka mlangoni. Fundi alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu katikati, akapiga msasa kingo, tukaweka ndoo chini. Kiti hicho kilitusaidia kuliko vitu vingi tulivyonunua kwa bei kubwa.

Wageni ndio mtihani. Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni kama ametupwa, lakini kelele na mwanga humchosha aliyeumia ubongo kama wewe ungechoshwa na kubeba magunia. Watu sita chumbani, redio imewashwa, kila mmoja akiuliza "mimi ni nani, unanikumbuka?" Nusu saa tu, na jioni nzima imeharibika. Tulimweka shangazi mlangoni. Wawili wawili, dakika kumi, pole mnaipokea sebuleni na chai mnakunywa hukohuko. Watu walinuna, hasa upande wa baba.

Mtakubaliana mapema pia mtamjibu nini atakayesema amerogwa. Atatokea tu. Kijana alikuwa mpole, sasa anacheka msibani, anavua shati mbele ya watu, anauliza swali moja mara kumi: jirani atawapa jina la mganga. Kama hamjaambiana kwamba hiyo ni dalili ya ubongo, mtagawanyika, na fedha ya mazoezi itaishia kwenye kuku mweusi. Akipandwa hasira, msibishane naye. Zimeni redio, watu wapungue, badilisheni mazungumzo. Ubaoni andikeni siku, tarehe na ratiba. Jibu liko pale, hana haja ya kuuliza wala ninyi ya kukasirika.

Kuhusu kupona, miezi sita ya kwanza ndiyo yenye mwendo wa kasi, lakini mabadiliko huendelea miaka miwili na hata zaidi. Kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kuna wa tiba ya kazi anayemrudisha kwenye kuvaa na kupika, na kuna wa usemi na kumeza. Huyo wa mwisho ni adimu sana Afrika Mashariki. Dar es Salaam unaweza kuanzia Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili au hospitali ya CCBRT. Mikoani, anza na idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa. Nauli ya kila wiki haitatosha, kwa hiyo warekodi kwa simu wakimfanyisha mazoezi ukiwa bado wodini, kwa ruhusa yao, na urudie nyumbani kila siku. Kazi za kawaida nazo ni tiba. Wa kwetu alianza kwa kuchambua maharage. Siku ya kwanza alichambua kiganja kimoja, akalala masaa matatu.

Gawaneni zamu kabla hajafika, kwa majina na siku, na dada mmoja asibebeshwe yote eti kwa sababu hajaolewa.

La mwisho hufanywa siku moja kabla ya ruhusa. Pombe itoke nyumbani, maana inaamsha degedege na inalegeza zile breki zilizokwisha kulegea. Kofia ngumu aliyoanguka nayo itupwe. Ikishapokea kishindo kimoja hailindi tena. Na funguo za pikipiki zichukue wewe, kabla hajakumbuka zilipo. Mdogo wangu aliziulizia siku ya nne, kabla hajakumbuka hata jina la binti yake.