Kijisahani cha udongo cha chetezo: udi hauungui, foili huihitaji

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeniuliza kile kijisahani chekundu chenye madoa meusi ninachoweka ndani ya chetezo ni kitu gani na nilikinunua wapi. Sikukinunua, nimekifinyanga mwenyewe hapa Chang'ombe, Dodoma, na niliahidi kuleta somo. Naomba mlisome lote kabla hamjagusa udongo, maana kwenye kukausha ndiko kazi nyingi huharibika.

Kwanza mjue kwa nini tunahitaji kitu kati ya kaa na udi. Udi wetu wa kupika ni chenga za mti zilizochanganywa na sukari iliyoyeyushwa na mafuta ya manukato. Ukiuweka juu ya kaa lenyewe, sukari inaungua kabla mti haujaanza kutoa harufu. Nyumba inajaa moshi mzito unaowasha macho, na inanuka kama kuna mtu kasahau kashata jikoni. Udi unataka joto, hautaki moto. Ndiyo maana tukazoea kutandika foili.

Foili inasaidia, sikatai. Lakini alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na kaa linalopepewa hupita hapo bila shida. Ukipuliza kidogo tu, foili inatoboka. Ramadhani iliyopita nilikuwa nafukiza sebule kabla wageni wa futari hawajafika, foili ikatoboka katikati, sukari ikadondokea kaa na kushika moto. Nilishtuka, mkono ukagonga chetezo, kaa likaangukia mkeka wa ukindu niliopewa na marehemu mama. Tundu lipo mpaka leo, kubwa kama sarafu ya shilingi mia. Niliumia sana, na tangu siku ile nikasema foili basi.

Bibi yangu kule Kondoa hakuwa na foili. Alikuwa na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Kaa chini, kigae juu yake, udi juu ya kigae, na harufu ilikuwa inafika hadi kwa jirani. Ninachowafundisha leo ni kigae kilekile cha bibi, ila nimekiongezea ukingo na miguu.

Udongo

Udongo wa kichuguu unafaa, na huku kwetu vichuguu havina uhaba. Chimba ndani kidogo, acha ule wa juu wenye mizizi. Uponde, uchekeche, uloweke usiku kucha, kisha mwaga maji yaliyobaki juu. Kujua kama unafaa, viringisha uzi wa udongo mnene kama penseli na uuzungushe kwenye kidole. Ukikatika, una mchanga mwingi, tafuta kwingine. Ukipata nyufa ndogondogo tu, endelea nao.

Sasa chukua kipande cha chungu kikuukuu, kitwange mpaka kiwe kama chenga za mahindi ya uji, chekecha. Changanya kipimo kimoja cha chenga hizo kwa vipimo vinne vya udongo. Usiruke hatua hii. Chenga ndizo zinazofanya kijisahani kivumilie kupashwa na kupoa kila siku bila kupasuka. Kanda kama unavyokanda unga wa chapati, mpaka hewa yote itoke.

Kufinyanga

Tandaza udongo uwe mduara wa sentimita 8, unene wa milimita 6 hivi. Ukikauka utapungua kidogo. Inua ukingo wa nusu sentimita kuzunguka, ili sukari ikiyeyuka isimwagike. Kisha bandika miguu mitatu chini, kila mmoja urefu wa sentimita 2. Mitatu, kama mafiga, maana hapo hakiyumbi hata jivu likiwa halijasawazishwa. Chora mistari mahali pa kubandika, paka uji wa udongo, gandamiza na uzungushe kidole mpaka maungio yasionekane. Mguu uliobandikwa juujuu utabaki motoni.

Kaa litakaa katikati ya miguu hiyo, bila kugusa kijisahani. Hewa inapita pembeni, kaa linapumua, na joto linapanda kwa utulivu.

Kukausha

Upepo wetu wa kiangazi ni mkavu, unakausha nje huku ndani kukiwa bado kubichi, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Siku mbili za mwanzo kifunike kwa kitambaa chepesi ndani ya nyumba. Baada ya hapo kiache wazi kivulini, kigeuze kila siku, kwa wiki nzima. Usikianike juani. Ukidhani kimekauka, kiguse shavuni. Kama unahisi ubaridi, bado kina maji.

Kuchoma

Kianze mbali na moto. Kiweke pembeni ya jiko la mkaa kwa saa nzima, ukikigeuza na kukisogeza taratibu. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, kifukie kwenye makaa, juu weka samadi kavu ya ng'ombe, zungushia mawe kukinga upepo. Acha moto uwake. Utafika wakati ukichungulia utakiona kimeiva, chekundu kama kaa lenyewe. Kikae hivyo nusu saa, kisha uache moto ufe wenyewe. Mimi hukitoa kesho yake asubuhi. Usikimwagie maji hata kwa haraka ya namna gani. Kikigongwa kwa ukucha kikalia kama kikombe, kimeiva. Kikitoa sauti ya mbao, rudisha motoni.

Kukitumia

Jaza chetezo jivu lililochekechwa hadi nusu. Jivu la pumba za mpunga ndilo bora, na anayepita Bahi anaweza kuomba pumba mashineni akachoma mwenyewe. Ni jepesi, linashika hewa, kaa linadumu ndani yake bila kuzimika. Washa kaa moja la ukubwa wa tende, lisubiri livae jivu jeupe lote, lifukie nusu. Weka kijisahani juu, ngoja dakika tano.

Kabla ya udi, dondosha punje mbili tatu za sukari. Ziangalie kwa karibu. Zikianza kutoa jasho, zikalainika na kugeuka rangi ya asali polepole, joto ni sawasawa. Zikiwa nyeusi papo hapo na kufuka, joto limezidi, ongeza jivu juu ya kaa. Zikikaa tu kama zilivyo, punguza jivu. Ukishaizoea, hata punje hutazihitaji, mkono utakuambia. Sasa weka udi kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Utaona unachemka pembeni, vipovu vidogo, na moshi mwembamba wa buluu. Harufu inayotoka hapo ni ya udi wenyewe, na kipande hichohicho kinafukiza chumba cha pili.

Kusafisha, kwaruza mabaki kwa kijiti kikiwa bado na uvuguvugu. Sukari ikigandamana, kifudifudishe juu ya jiko mpaka iungue yote. Sabuni hapana, udongo unainywa na utainusa kila ukiwasha. Changu kina mwaka wa pili sasa.

Mwenye haraka anaweza kutumia chujio la chai la stenlesi lisilo na plastiki, alikunje likae juu ya chetezo. Linafaa kwa vijiti vikavu tu. Ubani unayeyuka na kudondoka kwenye vitundu.

Na tafadhali, msikate bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 419 tu, na ikipata moto mkali moshi wake unaleta homa. Makopo yenye rangi au utando ndani nayo achaneni nayo.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Nkuhungu:* Nilifuata yote, lakini motoni kililia "pa!" kikarushwa vipande. Nimekosea wapi?

Pole dada. Hayo ni maji. Maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, usipoipata unapasua. Je, ulikigusa shavuni? Na ile saa nzima pembeni ya jiko uliitimiza? Vipande usivitupe, vitwange viwe chenga za kijisahani kijacho.

*Mama wa Kizota:* Mwanangu, mimi macho hayaniruhusu kufinyanga. Nina vipande vya vigae vya sakafu vilivyobaki fundi alipomaliza. Havifai?

Shikamoo mama. Hapana, usivitumie. Vile vina utando wa kung'aa juu, vikipata joto upande mmoja ghafla vinaweza kupasuka na kurusha vipande vikali. Chukua kigae cha chungu cha kupikia kilichovunjika, kisicho na rangi, kisugue kingo kwenye jiwe zisikate, kiegemeze juu ya mawe matatu madogo makavu. Bibi yangu alifukizia hivyo hivyo maisha yake yote.

*Kaka wa Area C:* Kijisahani hiki nikikitoboa vitundu, si kinaweza kukaa kwenye shisha badala ya foili?

Kaka yangu, shisha Serikali iliipiga marufuku nchini tangu 2016, na mimi siwezi kukufundisha. Hata bila marufuku ningekwambia hapana. Ukibadilisha foili hujabadilisha tumbaku wala moshi wa mkaa unaovuta moja kwa moja kifuani. Udi tunaunusa hewani na madirisha yakiwa wazi, hatuuvuti.

*Dada wa Ipagala:* Nina mtoto wa miezi mitatu na mume wangu ana pumu. Nifukize?

Wakiwa ndani, usifukize. Moshi ni moshi hata ukinukia vizuri, na wenye pumu unawabana. Fukiza chumba wakiwa nje, fungua madirisha, toa chetezo kabisa, subiri hewa ibadilike ndipo waingie. Na hili nawaambia wote, hasa miezi hii ya Juni na Julai baridi inapotufanya tufunge kila kitu: usilale na kaa ndani. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jivu likifunika kaa, gesi bado inatoka.

*Mwanachama wa Singida:* Nimesikia kuna watu wanatumia jiwe linalopitisha mwanga kama kioo. Ni nini hilo?

Ni ulanga, madini yanayobanduka kurasa kwa kurasa kama kitabu. Haushiki moto. Wajapani wana utaratibu wao wa zamani wa kunusa udi, wanafukia kaa ndani ya jivu na kuweka kibao chembamba cha ulanga juu, halafu kipande cha udi kidogo sana, bila moshi kuonekana. Ukipata bapa safi, jaribu. Ila ni laini, unabanduka ukikwaruza sukari, kwa hiyo uwe wa udi mkavu. Kwa udi wetu wa kupika mimi bado nakaa na udongo.

*Dada wa mtaa wa Kisasa:* Kwangu ni gesi tu, mkaa sina hata kipande. Ndiyo nimekosa?

Hujakosa. Finyanga chako bila miguu na unene wa sentimita moja, ili kishike joto zaidi. Kiweke juu ya jiko la gesi, moto mdogo kabisa, dakika nne au tano, kisha ongeza kidogo. Zima gesi, kinyanyue kwa koleo, kiweke kwenye chetezo juu ya jivu, tia udi. Joto litapungua taratibu, na ukitaka tena unakipasha upya. Kuchoma mara ya kwanza ndiko kunakohitaji moto wa makaa, kwa hiyo ukishakikausha niletee Chang'ombe. Jumamosi nachoma vingine sita, nafasi ipo.