Zawadi ya khanga: soma jina kabla ya kulipa

Mshahara wa kwanza umeingia na siku ya kuzaliwa ya mama iko karibu? Khanga haikosei, ila mwombe muuzaji aikunjue yote. Dukani hukunjwa rangi na mji, yaani mchoro wa katikati, ukiwa juu, na jina, yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, linabaki ndani. Mpokeaji atalichukua kama maneno yako wewe. "Nani kama mama" ni salama kwa mzazi. "Hasidi hana sababu" kwa mama mkwe ni kesi, hata kama ulivutiwa na rangi tu. Toa doti nzima, vipande viwili bado vimeungana. Ukikata na kupiga pindo mapema inaonekana kama umegawa nusu. Kipande kimoja nacho ni nusu zawadi. Pamba utaijua kwa tone la maji: linanyonywa upesi, kwenye poliesta linateleza. Khanga mpya yenye wanga mwingi hudanganya, basi choma uzi mmoja wa ukingoni: pamba hugeuka jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kwa fumbo usilolielewa, muulize mtu mzima kwanza, maana kamusi haitakusaidia.