Kubeba mpira kama Walter Payton kwenye vilima vya Bukavu
Walter Payton wa Chicago Bears alikimbia yadi 16,726 katika misimu 13 ya futiboli ya Marekani, na miguu yake aliijenga kwa kupanda kilima. Bukavu vilima tunavyo tele. Chagua mpando wa udongo wa mita 40 hadi 60 usio na mawe. Mvua ikinyesha uache, utateleza. Panda mbio mara sita, shuka ukitembea, maana kushuka mbio ndiko kunakoumiza magoti.

Usipande mikono mitupu: beba mpira wa futiboli ya Marekani, wenye umbo la yai na ncha mbili. Vidole vifunike ncha ya mbele ya mpira, ncha ya nyuma ibanwe ndani ya kiwiko, ubavu wake ugandame mbavuni. Kiwiko kikiachana na mwili, mpira unaponyoka. Ukikaribia kukabwa, ufunike pia kwa mkono wa pili.