Mwanga Kwanza: Kupiga Picha Nzuri za Watu kwa Kamera Uliyo Nayo

Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, au simu ya bei ya kati, inatosha kabisa kupiga picha ambayo familia itaitundika sebuleni. Picha za wanaoanza zikiharibika, mara nyingi kosa si la kamera. Lenzi ina mafuta ya vidole, mtu amesimamishwa juani saa sita mchana, au kamera imekisia mwanga vibaya na mpigaji hakuisahihisha. Yote matatu yanatibika leo hii bila kununua kitu. Hapa tunazungumzia picha za watu, maana ndizo wengi wetu tunazopiga, na ndizo zinazouma zaidi zikiharibika.

Safisha lenzi

Simu inashinda mfukoni na mkononi, na mafuta ya vidole yakikaa kwenye kioo cha lenzi hutawanya mwanga. Utaona taa zinatoa miale mirefu, nyeusi inakuwa kijivu, na picha nzima kama imefunikwa na ukungu. Wengi hudhani simu imezeeka. Futa kwa kitambaa laini cha miwani au fulana safi ya pamba, kisha piga tena uone tofauti.

Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, toa vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianza kufuta kabla ya kupuliza, punje moja ya mchanga inatosha kukwaruza kioo. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka na kuacha madoa.

Wanaoishi pwani wana adui mwingine, unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi hufunga mvuke papo hapo. Ukifuta utarudi ule ule, kwa sababu kioo bado ni cha baridi. Kabla ya kutoka, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge vizuri, kisha uiache humo nje kwa dakika 20 hadi 30 ipate joto. Na usiihifadhi miezi kadhaa kabatini ndani ya begi lake. Kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na kuiondoa ni kazi ya fundi. Kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, ni hifadhi nzuri kuliko begi la gharama.

Mtu akae wapi?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ukilishika hili peke yake picha zako zitabadilika.

Katika nchi zetu jua la mchana linakaa karibu utosini. Nyusi zinatia kivuli machoni hadi macho yanakuwa mashimo meusi, na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo. Hakuna kamera inayoponya hilo. Mhamishe mtu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mlangoni. Mweke hatua moja ndani ya kizingiti, akitazama nje, mahali ambapo jua lenyewe halimpigi. Mwanga unaomfikia unatoka angani na kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo ni mpana na laini. Nyuma yake chumba kina giza, basi uso unajitokeza wenyewe. Wewe simama nje, kidogo upande mmoja, usije ukamzibia mwanga. Mwambie ageuze mabega kiasi ili shavu moja lipate mwanga zaidi ya lingine, kisha tazama macho yake. Kila jicho linatakiwa kuwa na doa dogo jeupe la mwanga wa mlango. Likikosekana, jicho linaonekana limezima. Mwinulie kidevu kidogo au msogeze karibu na kizingiti hadi doa litokee.

Angalia pia kinachorudisha mwanga. Saruji na mchanga mweupe hutupa mwanga safi usoni kutoka chini. Udongo mwekundu hutia wekundu chini ya kidevu, na nyasi hutia ukijani. Kibaya kuliko vyote ni turubai la bluu. Mwanga unaopita humo hugeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubluu, na hata ukirekebisha rangi baadaye, nguo nyeupe na ngozi hazikai sawa pamoja. Kwenye shughuli iliyofunikwa kwa turubai la aina hiyo, wasogeze unaowapiga hadi ukingoni, wakitazama nje, ili mwanga wa wazi uwafikie usoni kabla ya ule wa turubai.

Upande wenye kivuli ukizidi weusi, karatasi ya manila nyeupe inatosha. Mtu mwingine aishike nusu mita kutoka usoni, upande wa kivuli, nje ya fremu. Shuka jeupe nalo linafaa, na kwa watu wawili linafaa zaidi.

Ukitaka kupiga nje kabisa, chagua saa. Karibu na ikweta jua linapanda na kushuka wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wa jua la chini, asubuhi na jioni, ni mfupi kuliko unavyosoma kwenye miongozo ya Ulaya. Dar es Salaam au Mombasa jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Fika saa 11, watu wawe wameshavaa na kujipanga. Jua likishazama una kama dakika 20 tu kabla mwanga haujakwisha.

Kamera inakisia, wewe sahihisha

Kamera haijui inatazama nini. Hupima mwanga na kujaribu kuifanya picha iwe na wastani wa kijivu. Ukijaza fremu kwa uso wa mtu mweusi, inadhani kuna giza na kuongeza mwanga, basi ngozi inapauka na kupoteza ung'avu wake. Ukijaza fremu kwa kanzu au shela, inadhani kuna mwanga mwingi na kuupunguza, basi nguo inakuwa ya kijivu na uso unazama gizani.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya +/−. Uso mweusi uliojaza fremu, shusha hadi −0.7. Kanzu nyeupe iliyojaza fremu, pandisha hadi +1. Mtu aliyepigwa na mwanga kwa nyuma, mathalani amesimama mbele ya dirisha, anza na +1.3 kisha tazama. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini na ushikilie hadi mpimo ujifunge, kisha telezesha kidole juu au chini kuongeza au kupunguza. Wengi hugusa tu bila kushikilia, na mtu akijisogeza simu inakisia upya.

Bibi harusi mwenye gauni jeupe na bwana harusi mwenye suti nyeusi ndio mtihani wa kweli. Pima kwa ajili ya gauni. Nyuzi za urembo wake zikionekana kwenye skrini, umepata. Suti iliyozama kidogo unaweza kuinyanyua wakati wa kuhariri, lakini nyeupe iliyoungua haina kitu ndani yake cha kurudisha. Kama kamera yako ina faili la RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa inayovumilia marekebisho zaidi, hapa ndipo pa kuliwasha.

Na tafadhali zima modi ya urembo kwenye simu. Hulainisha ngozi hadi inafanana na plastiki, na mara nyingi huipausha. Ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye mng'ao unaopita juu ya shavu, paji la uso na bega, na mng'ao huo unatoka kwenye mwanga wa pembeni. Mtu akitoka jasho, mpanguse kwa leso bila kumkausha kabisa. Mng'ao ukiisha wote, uso unakuwa bapa.

Kwa nini haikutoka kali?

Kuza picha kwenye skrini na uisome, kwa kuwa kila kosa lina sura yake. Kila kitu kikiwa kimeburuzika upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Ukuta ukiwa mkali lakini mkono wa mtu umefifia, yeye ndiye aliyetembea. Sikio likiwa kali na jicho limelegea, fokasi, yaani mahali kamera ilipolenga ukali wa picha, imekaa pasipo pake.

Mawili ya kwanza yanatibiwa na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Kwa mtu aliyetulia usishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na kwa watoto wanaokimbia nenda 1/500. Weka kamera kwenye modi ya A au Av, ambako wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Weka tundu f/5.6 (namba ikikua, tundu linapungua), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe ya kujipanga yenyewe yenye kikomo cha 3200. Tazama kasi inayoonekana ndani ya dirisha la kutazamia. Ikishuka, tafuta mwanga zaidi au pandisha kikomo cha ISO. Picha yenye chengachenga inasameheka, iliyoburuzika haisameheki.

La tatu linatibiwa kwa kuacha kuiruhusu kamera ichague yenyewe pa kulenga. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe.

Kikundi cha watu katika safu mbili kinahitaji f/8, huku fokasi ikiwa kwenye macho ya safu ya mbele. Wabanane. Pengo unaloliona dogo kwa macho linaonekana kubwa kwenye picha.

Wanaotaka nyuma pafifie mara nyingi hukimbilia kununua lenzi. Jaribu hivi kwanza: zungusha lenzi hadi milimita 55, simama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, na mtu mwenyewe awe mita tano mbele ya ukuta. Nyuma patafifia vya kutosha, hata kwa f/5.6. Kosa la kawaida ni kumbandika mtu ukutani kisha kuilaumu lenzi. Modi ya picha-mtu ya simu hufanya kazi hiyo kwa hesabu, na hukosea ukingoni mwa nywele za afro, hereni na fremu za miwani, kwa hiyo zikague sehemu hizo kabla mtu hajaondoka.

Umbali una kazi nyingine pia. Ukimpiga mtu kwa milimita 18, au kwa simu iliyo sentimita 40 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Rudi hadi mita moja na nusu, kisha punguza kingo baadaye. Simu yenye lenzi halisi ya mara mbili inakusaidia hapa. Kuvuta kwa vidole kwenye simu isiyo nayo, kwa kawaida, ni kukata kingo tu huku ukipoteza ubora.

Zoezi la wiki moja

Chukua mtu mmoja na mlango mmoja. Asubuhi, mchana na jioni piga picha 12 tu kila mara: nne akitazama nje moja kwa moja, nne akigeuka nusu, nne ukiwa na manila. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia. Jioni zifungue kwenye kompyuta au televisheni, si kwenye skrini ya simu, maana skrini ndogo huficha fokasi iliyolegea. Chagua moja bora ya kila mkupuo na uandike kando yake saa, kasi ya shata, na mtu alikuwa umbali gani kutoka kizingitini.

Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili la hati. Ukizituma kwa njia ya kawaida zitabanwa na kupoteza ubora. Ukishazinakili mahali pawili, ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.