Kabla hujalipa: kukagua baiskeli kuukuu ya mashindano

Majuzi mpwa wangu alishuka Malaba na baiskeli ya mashindano ya mtumba, imefungwa juu ya taksi tangu Kampala. "Mjomba, hii ni mali. Tuifufue." Nikamuuliza kama paipu ya kiti, ile inayobeba kiti na kuingia ndani ya fremu, inasogea. Hakujua, na pesa alikwisha kutoa.

Hatua ya 1: fremu

Nenda na sumaku. Ikinata, fremu ni ya chuma na inarekebishika. Ya alumini yenye ufa usiiguse. Ya kaboni iliyogongwa, hivyo hivyo.

Pitisha kidole chini ya paipu mbili zinazokutana na shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ukihisi mkunjo, hata mdogo kama ukucha, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Mrudishie mwenyewe.

Kisha funga uzi nyuma, pale ekseli inapokaa, uzungushe mbele ya shingo na uurudishe upande wa pili. Pima kutoka uzi hadi paipu ya fremu iliyosimama chini ya kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3 au 4, fremu imepinda.

Hatua ya 2: paipu ya kiti

Legeza boliti, bana gurudumu la nyuma kwa magoti, zungusha kiti. Kikizunguka, hata kwa kulalamika, endelea na hatua ya 3.

Kisipozunguka, muuzaji atakwambia ni oili kidogo tu. Usimwamini. Paipu ya alumini ndani ya fremu ya chuma ikiingiwa na maji huota unga mweupe, na unga huo hushika kama saruji. Mimi iliwahi kunila siku tatu. Fundi wa kuchomelea alinishauri tupashe moto, nikakubali. Alumini ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo paipu ilizidi kujibana na rangi ya fremu ikaungua bure.

Iliyonisaidia ni njia ya polepole. Toa ekseli ya katikati ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali, geuza baiskeli miguu juu, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu lililobaki ili yashuke hadi kwenye paipu. Acha usiku kucha, rudia. Halafu bana kichwa cha paipu kwenye jiliwa kubwa iliyofungwa imara mezani, shika fremu kwa mikono miwili, uizungushe kidogo kidogo huku na huku. Fremu yenyewe ndiyo wenzo wako. Usipige nyundo. Kostiki soda, ambayo wengine huisifu, kwangu ni marufuku: inaunguza ngozi na macho, na ikikutana na alumini hutoa gesi inayolipuka.

Tahadhari mbili. Kikombe chenye nyuzi kinachoshika ekseli hiyo upande wa cheni, kwenye baiskeli nyingi, hufunguka kinyume, yaani kwa kufuata mishale ya saa. Za Italia na nyingi za zamani za Ufaransa hufunguka kawaida. Na paipu ikishabanwa kwenye jiliwa imeharibika, kwa hiyo utanunua nyingine ya kipenyo kile kile. Milimita 27.2 ni ya kawaida, lakini 26.8 na 27.0 zipo pia, na hiyo tofauti ndogo inatosha kuharibu fremu. Mpya ipake grisi kabla ya kuiingiza.

Hatua ya 3: namba ya tairi

Soma ubavuni namba ya tarakimu tatu, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. 622 ni nzuri. 630 ni rimu za zamani za inchi 27, tairi zake utazitafuta sana. Tairi za 28 za baiskeli zetu nyeusi za mizigo ni 635, haziingii kwenye yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 4: cheni

Pima pini 25 mfululizo, yaani vipande 24 vya nusu inchi. Mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, hesabu na friwili, yaani meno ya nyuma, kwenye gharama.

Hatua ya 5: hesabu

Andika tairi mbili, tyubu, waya za breki, cheni, gololi, paipu ya kiti kama imeganda. Jumlisha na bei anayotaja muuzaji, kisha uliza bei ya baiskeli ya aina hiyo ambayo tayari inatembea. Yako ikizidi, mwachie. Ya mpwa wangu ilizidi, ila fremu ilikuwa nyoofu na uzi ulisoma sawa pande zote, basi tukaimiminia mafuta. Siku ya nne paipu ilitoka.