Saa za kazi zimepunguzwa: jinsi ya kuomba rejesho la mkopo lishushwe

Mashamba ya maua ya Naivasha hupunguza zamu oda za Ulaya zikishuka, na viwanda vya sukari huku Magharibi mwa Kenya husimama miwa ikikosekana. Mshahara hupungua mwezi huohuo, ila rejesho la mkopo linabaki palepale. Linaweza kushushwa, mradi uombe mapema. Anayeomba akiwa hana malimbikizo husikilizwa kama mteja. Akishakosa miezi kadhaa, faili lake huwa limehamia kwa wakusanya madeni, na benki huhesabu mkopo kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa.

Anza na barua ya mwajiri, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi hukwama. Pesilipu (hati ya mshahara) moja yenye mshahara mdogo haitoshi. Afisa wa mikopo atadhani ulikuwa likizo isiyo na malipo. Barua itaje zamu au saa za awali, za sasa, tarehe mabadiliko yalipoanza, na kama yana mwisho. Iwe na muhuri na nambari yako ya kazi. Ukiambiwa tangazo la ubaoni linatosha, taja kwa heshima kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007: masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri anapaswa kukuarifu kwa maandishi.

Kisha soma makato yako. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo kinakataza makato yote kupita theluthi mbili za mshahara. Ukishuka hadi shilingi 12,000, basi SHA (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni), ushuru wa nyumba na mikopo kwa jumla visizidi 8,000. Wengi hupumua wakiona theluthi yao imebaki, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Ofisi ya mishahara ikipunguza makato ili kutii sheria, Sacco (chama cha akiba na mikopo) iliyokukopesha hupokea pesa pungufu, na pengo hilo huandikwa kuwa deni lililochelewa. Wadhamini wako wanaweza kupigiwa simu kabla wewe hujajua lolote.

Usiende kusema tu kwamba umelemewa. Nenda na hesabu. Tuseme umebakiza 90,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miezi 18. Rejesho ni kama 5,490. Muda ukiongezwa hadi miezi 30, linashuka hadi kama 3,490, lakini riba yote inapanda kutoka takriban 8,800 hadi 14,600. Nafuu hiyo ina bei yake, kwa hiyo omba muda unaouhitaji tu, na uulize kama unaruhusiwa kulipa zaidi bila faini zamu zikirudi.

Barua yenyewe iwe fupi: "Naomba mkopo wangu wenye salio la shilingi 90,000 uongezwe muda kutoka miezi 18 hadi 30, rejesho liwe shilingi 3,490 kuanzia mwezi ujao. Sababu: zamu zimepunguzwa, barua ya mwajiri imeambatishwa." Ambatisha pesilipu za kabla na baada, nakala ya kitambulisho na taarifa ya M-Pesa au benki. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tawini nenda katikati ya mwezi, maana mwisho wa mwezi maafisa huzama kwenye foleni za mishahara.

Waone wadhamini kabla ya kupeleka barua. Sacco nyingi huwataka watie saini upya muda ukibadilika, na mdhamini aliyeshtukizwa hukataa.

Kama mshahara huingia kwa M-Pesa, lipa kwanza Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, kwa sababu hujikata yenyewe pesa zikiingia na kuvuruga hesabu uliyoahidi.

Ukikubaliwa, dai ratiba mpya ya malipo kwa maandishi, kisha kagua pesilipu ya kwanza. Kiasi cha zamani kikiendelea kukatwa, huenda maagizo ya Sacco hayajafika ofisi ya mishahara. Omba nakala uipeleke kwa mkono kabla mishahara ya mwezi unaofuata haijaandaliwa.